Uvira: Mwalimu anayeomba kusoma ziwa la kwao

UVIRA, Kivu ya Kusini – Katikati ya mwaka 2024, mwalimu mmoja wa historia wa hapa Uvira alimwambia mama yake kwamba anataka kuomba masomo ya masta Ulaya. Mama akauliza atasoma kitu gani. Akajibu: ziwa, na watu wa ziwa. Mama, ambaye tangu ujana wake anauza ndagala na mikebuka huko Kalundu, aliweka beseni lake chini.

"Papa, unapanda ndege kwenda kusoma Tanganyika? Tanganyika si hii hapa?"

Mwalimu alicheka, lakini swali lilibaki naye. Alilibeba mpaka Kigali, mpaka Bukavu, na usiku mwingi mbele ya kompyuta ya kuazima. Leo ukutani kwake kuna karatasi yenye mistari kumi na moja. Kila mstari ni sharti moja la kuingia katika masomo hayo. Mistari kumi ina alama nyekundu. Mmoja bado.

Wazo lenyewe lilizaliwa darasani. Mwezi wa nne na wa tano mwaka huo maji ya ziwa yalikuwa yamepanda sana, na familia nyingi za kando ya ziwa zilikuwa zimehama nyumba zao. Kabla watu hawajapumua, kukaja habari ya kufunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate muda wa kuzaana. Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita, mtoto wa mvuvi, akanyosha mkono: "Mwalimu, nani aliamua?"

Swali lilikuwa dogo, jibu likawa kubwa. Mwalimu alianza na historia: nchi nne, Congo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa ziwa Tanganyika mwaka 2003, na mamlaka ya ziwa ina makao yake Bujumbura. Mwanafunzi akauliza tena kwa nini miezi mitatu. Hapo jibu liko kwa wataalamu wa samaki. Akauliza mama yake atakula nini miezi hiyo. Hapo jibu liko kwenye uchumi. Akasema baba yake alipata habari kutoka kwa wafanyabiashara wa Kigoma kabla ya kuisikia hapa. Hapo jibu liko kwenye lugha, na kwenye njia ambazo habari hupita kutoka kambi moja ya wavuvi hadi nyingine. Kengele ikalia. Mwalimu alirudi nyumbani akijua kwamba diploma yake ya historia ilikuwa imejibu robo ya swali.

Ndipo binamu yake aliyeko Nairobi akamtumia habari za masomo yanayoitwa taaluma za Afrika. Haya ni masomo ambayo hayafuati somo moja. Yanachukua eneo moja la dunia na kulitazama kwa historia, siasa, uchumi, lugha na mazingira kwa pamoja. Yako SOAS mjini London. Yako Leiden, Uholanzi, ambako masta ya utafiti huchukua miaka 2 na krediti 120, na sehemu ya muda huo mwanafunzi huitumia akifanya utafiti Afrika. Yako pia Afrika kwenyewe: Legon, nchini Ghana, kuna taasisi ambayo Kwame Nkrumah aliizindua mwaka 1963 akitaka Waafrika wajisome kwa macho yao.

Huko Marekani masomo ya namna hii yalipata nguvu kupitia sheria ya mwaka 1958. Warusi walikuwa wamerusha Sputnik mwaka uliotangulia, na serikali ya Washington ikaona kwamba haina watu wa kutosha wanaojua lugha na nchi za wengine. Ikaanza kulipia vituo vya kufundisha lugha, na Kiswahili kikaingia humo. Ndiyo sababu masharti mengi yana sura moja mpaka leo: jifunze lugha ya eneo, nenda ukaishi huko, changanya masomo ya idara mbili au tatu, kisha andika tasnifu. Ukiyasoma polepole unaona yaliandikwa kwa kumfikiria mtu anayetoka mbali. Mtoto wa Kalundu anayataka kwa upande wa pili. Lugha anayo, kuishi huko ameishi. Kinachomkosa ni karatasi za kuonyesha hivyo.

Sharti la kwanza lilikuwa diploma. Mwalimu alisoma kwa mfumo wa zamani: miaka 3 ya graduat na miaka 2 ya licence, jumla miaka 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Congo vimeingia kwa jumla katika mfumo wa LMD, ambamo licence ni miaka 3 na masta ni miaka 2. Neno ni moja, uzito ni tofauti. Afisa wa Ulaya akiona "licence" anaweza kudhani ni miaka 3. Mwalimu alilazimika kuandika ukurasa mmoja unaoeleza mfumo wote mwaka kwa mwaka, na kuuomba muhuri wa chuo chake.

La pili lilikuwa alama. Releve zake zinaonyesha asilimia 64, 66, na mwaka wa mwisho 68. Hapa Congo hiyo ni satisfaction, na mtu huipokea kwa furaha, kwani distinction huanza kwenye 70 na wanaoifikia ni wachache. Lakini katika shule nyingi za Marekani 66 ni alama ya mtu aliyenusurika. Mwalimu aliomba chuo kimwandikie nafasi yake darasani: wa tatu kati ya wanafunzi 41. Mstari huo mmoja, anasema, ulibeba uzito kuliko asilimia zote.

Releve zenyewe zilikuwa Bukavu. Alikwenda mwezi wa kwanza mwaka 2025, kwa njia ya Kamanyola, akakaa siku nne kwa shangazi yake. Releve za miaka minne zilipatikana siku ya kwanza. Ya mwaka wa pili wa graduat haikuonekana.

"Mama sekretere, bila huo mwaka mmoja hata ile mingine haina kazi," alimwambia mwanamke wa ofisi.

"Kaa pale, mwanangu. Kitabu kiko, ila kimelala chini ya vingine."

Kilipatikana siku ya nne, kimeliwa na mchwa pembeni, lakini jina lake lilikuwa linasomeka. Alirudi Uvira na karatasi tano ndani ya mfuko wa plastiki. Siku chache baadaye Goma ilianguka mikononi mwa M23, na katikati ya mwezi wa pili Bukavu nayo. Mwalimu mwenzake, ambaye alikuwa amesema atakwenda kuchukua zake mwezi wa tatu barabara ikikauka, mpaka leo hajaenda. Wawili hao walisoma darasa moja na alama zao zinafanana. Anayeweza kuomba masta ni mmoja, kwa sababu ya wiki mbili.

Sharti la Kiingereza lilikuwa limeshamfikisha Kigali mwezi wa kumi 2024. Programu aliyoomba inafundishwa kwa Kiingereza, na Congo husomwa kwa Kifaransa. Mtihani wa IELTS unapita dola 200, matokeo yake yanadumu miaka 2 tu, na Uvira haufanyiki. Mpaka kati ya Burundi na Rwanda ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa kwanza wa mwaka huo, kwa hiyo njia ya Bujumbura haikufaa. Alizunguka kupitia Bukavu na Rusizi. Pesa zilitoka kwenye likelemba ya mama yake. Zamu ya mama ilikuwa imefika, na alikuwa amepanga kununua bati za nyumba baada ya maji kuharibu ile ya zamani. Alimpa mwanawe bahasha bila kuhesabu mbele yake.

Chuo kilitaka 6.5 kwa jumla na si chini ya 6 kwa kila sehemu. Alipata 6.5, na 6 katika kuandika. Kama angepata nusu alama pungufu, angerudi kumwomba mama bati nyingine.

Barua za mapendekezo zilitakiwa mbili, kutoka kwa walimu wa chuo kikuu, nao wazitume wenyewe kwa anwani ya barua pepe ya chuo. Profesa aliyemwongoza kwenye memuari yake alikuwa amefariki. Wa pili yuko, ana moyo mzuri, lakini kama walimu wengi wa mkoa huu anatumia anwani yake binafsi, na mtambo wa maombi uliikataa mara mbili. Mwalimu alikaa wiki nzima akidhani mambo yameisha. Kisha akaandika barua fupi kwa ofisi ya usajili akieleza hali ilivyo. Jibu lilikuja kesho yake: profesa aandike kwenye karatasi ya chuo yenye muhuri, nao watampigia simu kuhakikisha. Walimpigia kweli. Mwalimu anasema kama kuna somo moja la kumwachia kijana mwingine, ni hilo: mtambo ukikataa, tafuta mtu aliye nyuma yake, umuulize kwa heshima.

Halafu ikaja lugha. Fomu iliuliza: lugha za eneo unazozijua, na kiwango chako cha kusema, kusoma na kuandika. Aliandika Kiswahili haraka, kisha mkono ukasimama kwenye neno kuandika. Aligundua kwamba tangu amalize shule ya msingi hajaandika ukurasa mzima wa Kiswahili. Memuari aliandika Kifaransa. Barua za kazi Kifaransa. Kiswahili alikuwa nacho sokoni, kanisani na mtumbwini, na ni Kiswahili cha hapa, cha mayi na batoto, ambacho mwalimu wake mmoja wa zamani alikuwa akikiita Kiswahili kilichovunjika, akiwapiga viganja wanafunzi waliokisema darasani. Hata hivyo katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa.

Akitafuta mfano wa kuandika, alikutana na habari iliyomshangaza. Mwaka 1965, katika mji unaoitwa leo Lubumbashi, mtu aitwaye André Yav aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya watu waliokuwa wakifanya kazi za nyumbani kwa wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga, kama watu walivyokisema. Mwaka 1990 mwanataaluma Johannes Fabian aliitoa kama kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na wanafunzi wa taaluma za Afrika wanaisoma mpaka leo kama chanzo cha historia. Kiswahili cha watu waliokuwa wakiitwa maboi kimefika kwenye meza za masta.

Mwalimu alianza daftari. Upande mmoja aliandika maneno ya wavuvi kama wanavyoyasema, upande wa pili Kiswahili sanifu alichojifundisha kwa redio za Tanzania. Samaki wadogo ni ndagala hapa na Burundi, dagaa wanapofika Kigoma, kapenta wanapofika Mpulungu nchini Zambia. Yule mkubwa, Burundi ni mukeke, Kigoma ni mgebuka. Samaki ni mmoja, majina yanabadilika kulingana na ufuko, na kila jina linaonyesha nani alifanya biashara na nani. Kwenye fomu aliandika: kusema vizuri sana, kuandika vizuri kiasi. Ilikuwa kweli.

Sharti lililomtesa zaidi halikuhitaji muhuri wala pesa. Ni kurasa tatu za kueleza utafiti anaotaka kufanya. Rasimu ya kwanza aliweka kila kitu: mafuriko, samaki, mkataba, ukoloni wa Wabelgiji, njia za pembe za ndovu, bei za soko. Aliipeleka kwa mtafiti mmoja anayefahamiana naye katika Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia hapa Uvira. Mzee huyo aliisoma akiwa amesimama, akairudisha.

"Mwalimu, umetaka kutia ziwa lote kwenye kikombe. Kuchanganya masomo si kuchota kila somo kijiko kimoja. Swali ni lipi? Na kila sehemu ya swali utaijibu kwa ushahidi gani?"

Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, na si watu wa Uvira peke yao. Programu hizi huwataka wanafunzi wavuke mipaka ya idara, lakini pia huwauliza wanavuka wakiwa na nini mkononi. Historia ina kumbukumbu za maandishi. Sheria ina mkataba na amri. Anayekusanya simulizi ana sauti za watu, na lazima aseme aliwachagua vipi. Ukizichanganya bila kusema ipi inabeba nini, msomaji haoni utafiti. Mwalimu alikata mpaka likabaki swali moja: uamuzi wa kufunga ziwa ulipita njia gani kutoka kwenye meza ya nchi nne hadi kwenye kambi ya wavuvi, na njiani ulibadilika vipi? Masomo matatu: historia, sheria, simulizi za watu. Mengine aliyaacha, na baadhi yake aliyaacha kwa uchungu.

Kulikuwa pia na sharti la maadili. Mtafiti aeleze jinsi atakavyopata ridhaa ya watu atakaowahoji, na jinsi atakavyoficha majina yao. Mwalimu alijaribu maneno hayo kwa mvuvi mmoja mzee wa Kalundu ambaye anamjua tangu utoto.

"Mzee, maneno yako nitayaandika, ila jina lako nitalificha."

"Unalificha kwa nini? Mimi si mwizi. Nimevua hapa miaka arobaini. Andika jina langu."

Mwalimu alieleza kwamba kuna watu waliovua wakati ziwa limefungwa, na kwamba jina kwenye karatasi linaweza kumletea mtu taabu, hasa katika mkoa ambamo leo hujui kesho nani atasoma karatasi hiyo. Mzee akafikiri. "Basi ficha la wale. Langu acha." Kwenye maombi yake mwalimu aliandika mazungumzo hayo kama yalivyokuwa, na akakubali kwamba bado hana jibu kamili. Baadaye ofisi ya masomo ilimwandikia kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyowafanya wasome faili lake mara ya pili.

Ada ya maombi ililipwa na binamu wa Nairobi, kwani ilihitaji kadi ya benki ambayo mwalimu hana. Kurasa kumi na tano za memuari alizigeuza Kiingereza mwenyewe, kwa miezi minne. Faili lilifungwa siku tatu kabla ya mwisho.

Barua ya kukubaliwa ilifika mwezi wa tano 2025. Barua ya burse haikufika. Mwalimu hakuwa amejua kwamba maombi ya burse hufungwa mapema kuliko maombi ya masomo, wakati mwingine kwa miezi miwili. Alipotuma faili lake, mlango wa pesa ulikuwa umeshafungwa. Aliomba nafasi yake isogezwe mwaka mmoja, wakakubali. Huo ndio mstari wa kumi na moja ukutani, ule usio na alama. Vijana wanaokuja kunakili orodha yake sasa wanakuta ameuandika upya juu kabisa, kabla ya diploma: ANZA NA BURSE.

Jioni moja baada ya barua hiyo, mwalimu alimsomea mama yake zile kurasa tatu kwa Kiswahili. Hakuwa amewahi kufanya hivyo. Alitaka kujibu lile swali la kwanza, la kwenda mbali kusoma kitu kilicho mlangoni. Mama alisikiliza huku akichagua ndagala, akitoa mawe madogo. Aliposikia maneno kwamba mwaka 2024 wavuvi walianza kulazimishwa kupumzisha ziwa, alimsimamisha.

"Hapo umekosea, papa. Ziwa tunalipumzisha tangu zamani. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa za wavuvi haziiti samaki, mitumbwi inalala. Kila mwezi siku kadhaa. Hata baba yako siku hizo alikuwa anashona nyavu. Hao wa mkataba walituuliza hilo?"

Mwalimu alinyamaza. Amekulia katika nyumba hiyo, amekula kwa kalenda hiyo ya mwezi miaka 34, na kwenye kurasa tatu alizozifanyia kazi nusu mwaka hakuiweka. Alichukua kalamu. Mama akaendelea kuchagua ndagala, akamwuliza kama huko Ulaya wanajua habari ya mbalamwezi.

"Sijui, mama. Nitawaandikia."

"Andika vizuri basi. Na ile burse, safari hii usichelewe."